Mafunzo ya kuhudumia wazee na watu wenye ulemavu: maswali tunayoulizwa kila mara

Maswali haya hayakutungwa mezani. Yameulizwa na watu waliokuja kujiandikisha, na wanafunzi walionisubiri nje ya darasa kwa kuona haya kuuliza mbele za wenzao, na wazazi waliotaka kujua mtoto wao anakwenda kusomea nini. Mengine yana jibu la mistari michache. Mengine nimeyajibu kwa urefu kwa sababu jibu fupi lingempotosha mtu.

Kazi yenyewe ni ipi? Si ndiyo uuguzi?

Hapana, ingawa mhudumu na muuguzi hukutana kwenye kitanda kimoja. Muuguzi anashughulika na ugonjwa: anapima, anatibu, anasimamia dawa, na ana leseni inayombana. Mhudumu anashughulika na siku ya mtu. Kuamka, kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kutoka nje kuota jua, kumpigia simu mjukuu, kurudi kulala. Mwaka 1963 daktari Mmarekani Sidney Katz na wenzake walichapisha kipimo cha mambo sita ya kila siku: kuoga, kuvaa, kutumia choo, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuweza kuzuia haja, na kula. Kipimo hicho kinatumika hadi leo, na ukikitazama vizuri utaona kuwa ndiyo ratiba ya zamu yako. Hakiulizi mtu huyu anaumwa nini. Kinauliza anaweza kufanya nini mwenyewe, na wapi anahitaji mkono.

Hapo penye "wapi anahitaji mkono" ndipo ulipo ustadi wote. Mtu aliyepata kiharusi anaweza kuchukua dakika kumi kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja. Wewe ungemaliza kufumba na kufumbua. Ukimfungia leo, kesho na keshokutwa, mwezi ukiisha hata ule mkono mzima umeacha kujaribu, naye ameanza kukuita kila anapotaka kuvaa. Ulidhani unamsaidia, kumbe ulikuwa unamnyang'anya. Darasani tunasema: fanya naye, usimfanyie. Nitayarudia maneno hayo humu, maana ndiyo yanayomtofautisha mhudumu aliyefundishwa na mtu mwenye huruma tu.

Lazima niwe nimesoma sayansi?

Sayansi husaidia lakini kwa kawaida hailazimiki. Kinacholazimika ni kusoma na kuandika vizuri, kwa kuwa kila zamu inaisha kwa maandishi, na mwenzako wa zamu inayofuata atamgusa mtu akiamini ulichoandika. Tarajia pia kuombwa hati ya polisi inayoonyesha kwamba huna rekodi ya uhalifu, vipimo vya afya, na uthibitisho wa chanjo, hasa ya homa ya ini aina ya B. Usichukie kuombwa hayo. Unakwenda kukaa chumbani peke yako na mtu asiyeweza kukukimbia.

Nimemuuguza bibi yangu miaka mitatu. Bado nahitaji mafunzo?

Unayahitaji, na huenda ukawa mwanafunzi bora kuliko wengi darasani. Miaka hiyo mitatu imekupa uvumilivu, pua isiyoshtuka, na macho ya kutambua kwamba leo hali si ya jana. Mambo hayo ni vigumu kumfundisha mtu.

Lakini umemjua mtu mmoja. Na yawezekana umejifunza makosa bila kujua, kwa sababu hakukuwa na wa kukusahihisha. Karibu kila mwanafunzi aliyetoka kuuguza nyumbani huja na mazoea matatu. La kwanza, kumwinua mgonjwa kwa kumshika makwapani au kumvuta mkono. Kwa aliyepata kiharusi, bega la upande uliopooza limelegea na mvuto mmoja unaweza kulitegua. La pili, kusugua kwa mafuta sehemu ya mgongo au kiuno iliyoanza kubadilika rangi. Ngozi ile tayari imeumia kwa kukandamizwa, na kuisugua kunaiumiza zaidi. Dawa yake ni kumwondolea uzito pale. La tatu, kumlisha mtu akiwa amejilaza nusu, chakula kikapita njia ya hewa. Nasema hivi bila kumlaumu mtu. Mapenzi yalikuwepo, ufundi haukuwepo.

Uliza kama chuo unachokitaka kinatambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Vipo vinavyompima mtu kwa vitendo, na akifaulu husamehewa sehemu ya masomo.

Mafunzo huchukua muda gani?

Inategemea nchi na ngazi, na tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Marekani, sheria ya shirikisho inamtaka msaidizi wa muuguzi katika makao ya wazee awe na mafunzo yasiyopungua saa 75, na kati ya hizo 16 ziwe za vitendo chini ya uangalizi. Majimbo mengi huongeza juu yake. Australia, cheti cha daraja la tatu cha huduma kwa mtu binafsi kinadai angalau saa 120 kazini. Ujerumani, anayetaka kuwa muuguzi kamili, awe wa wazee au wa hospitali, husoma miaka mitatu, na tangu 2020 njia hizo zimeunganishwa kuwa moja.

Maoni yangu: saa 75 zinatosha kumfundisha mtu asilete madhara makubwa. Hazitoshi kumfanya fundi. Ukipata kozi fupi, ichukue kama mlango, na uendelee kujifunza ukiwa kazini.

Tutafundishwa nini hasa?

Siku ya kwanza ni mikono. Utanawa mbele ya mwalimu hadi uchoke: sekunde 40 hadi 60 kwa maji na sabuni, au 20 hadi 30 kwa kitakasa cha spiriti, ukipitia kucha, vidole gumba na migongo ya viganja, sehemu ambazo karibu kila mtu huziruka. Halafu utajifunza nyakati tano za kusafisha mikono zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani: kabla ya kumgusa mtu, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama kushughulikia kidonda, baada ya kugusana na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mtu, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Glovu hazichukui nafasi ya kunawa.

Kisha ngozi. Mtu asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya mgandamizo mahali ambapo mfupa uko karibu na ngozi: kwenye kitako juu ya mfupa wa mkia, nyonga, visigino, viwiko, hata nyuma ya kichwa. Damu haipiti, nyama inakufa kuanzia ndani, na kidonda kinapofunguka juu tayari kimechimba chini. Ndiyo maana wa kitandani hugeuzwa kwa ratiba, kwa desturi kila saa mbili, au kwa vipindi vilivyopangwa kwa kuangalia hali yake na godoro analolalia. Anayekaa kwenye kiti cha magurudumu anatakiwa kuhamisha uzito mara nyingi zaidi ya hapo. Vitabu vingi vinakuambia utafute wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Tumia mgongo wa kiganja kusikiliza joto, bonyeza kidogo uone kama pamekuwa pagumu au pamelegea kuliko pembeni, na uulize kama panauma. Nalisisitiza hili kwa sababu kuna watu wamepata vidonda vikubwa kwa kuwa mhudumu alikuwa akitafuta rangi isiyoweza kuonekana.

Kulisha ni somo linalodharauliwa. Mtu akae wima, umkabili ukiwa umeketi na si kusimama juu yake, kijiko kidogo, usubiri ameze kabisa ndipo ulete kingine. Akimaliza abaki wima kama nusu saa. Wenye shida ya kumeza hupewa chakula na vinywaji vya uzito maalumu; upo mfumo wa kimataifa wenye ngazi 0 hadi 7, kuanzia maji mepesi hadi chakula cha kawaida, na kwenye mpango wa huduma utakuta namba tu. Usipojua namba hiyo ina maana gani unaweza kumkaba mtu kwa kikombe cha maji.

Mengine nitayataja kwa haraka: kupima joto, mapigo na shinikizo la damu, huduma ya kinywa, kutunza mpira wa mkojo, huduma ya kwanza, mawasiliano na asiyesikia au asiyesema, sheria za usiri, kuandika ripoti. Kuhusu kifafa, kumbuka haya hata kama hutajiunga na kozi yoyote: tazama saa, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, usimkandamize, usimtie kitu chochote mdomoni, na mitikisiko ikikoma mlaze ubavu. Ikizidi dakika tano, ita msaada wa dharura.

Mgongo wangu utastahimili?

Utastahimili ukiacha kunyanyua watu. Nguvu si sifa ya kazi hii. Mwaka 2007 Thomas Waters, mtafiti wa taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, alipendekeza kwamba mhudumu asinyanyue kwa mikono uzito wa mgonjwa unaozidi pauni 35, yaani kama kilo 16, hata mazingira yakiwa mazuri. Mtu mzima gani ana kilo 16? Kwa hiyo utajifunza shuka la kutelezesha, mkanda wa kiunoni, ubao wa kuhamia na mashine ya kunyanyulia, na utajifunza kumwomba mwenyewe ashiriki: "Sogea mbele ya kiti, rudisha miguu nyuma, inamisha kifua mbele, tukihesabu tatu simama." Wengi watakushangaza kwa jinsi wanavyosimama wakipangwa vizuri. Ni yaleyale ya kufanya naye.

Kwa nini wazee na watu wenye ulemavu wawekwe kwenye kozi moja?

Kwa sababu kazi ya mikono inafanana. Kumhamisha mtu kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu ni kulekule, awe na miaka 22 au 88. Lakini fikra lazima zibadilike, na kozi inayolikwepa jambo hilo ina kasoro.

Mzee anapungukiwa kidogo kidogo na aliyokuwa akiyaweza. Kazi yako ni kulinda yaliyobaki, pamoja na mazoea yake ya miaka mingi. Kijana aliyezaliwa na mtindio wa ubongo hajapungukiwa na kitu. Mwili wake ndivyo ulivyo tangu mwanzo. Yeye anajenga maisha. Anataka masomo, kazi, mchumba, na siku nyingine achelewe kurudi nyumbani. Ukimchukulia kama mgonjwa wako, umemkosea tangu salamu. Mara nyingi yeye ndiye bosi wako kwa maana kamili ya neno: anakueleza anataka kuogaje, saa ngapi, na nani awepo.

Historia hapa ina mtu mmoja ambaye kila mwanafunzi wangu humsoma. Ed Roberts, Mmarekani, aliugua polio mwaka 1953 akiwa na miaka 14, akapooza kuanzia shingoni kwenda chini na kuhitaji mashine kupumua. Ofisi ya jimbo la California iliyokuwa na wajibu wa kuwasaidia watu wenye ulemavu kupata ajira ilimkatalia msaada mwanzoni kwa hoja kwamba ulemavu wake ni mzito mno, hataweza kufanya kazi. Mwaka 1962 akaanza masomo Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, akawa na wasaidizi waliofuata maelekezo yake. Mwaka 1972 kikasajiliwa Berkeley kituo cha maisha ya kujitegemea, kikiongozwa na watu wenye ulemavu wenyewe. Mwaka 1975 Roberts akateuliwa kuwa mkurugenzi wa ofisi ileile ya jimbo. Hakuwa amepona. Alikuwa amepata wasaidizi waliofanya walichoambiwa.

Fikra hiyo ilikuja kuwa sheria. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 2001 mfumo wa kuuelezea ulemavu kama kinachotokea mwili wa mtu unapokutana na mazingira: ngazi zisizo na njia ya kiti cha magurudumu ni sehemu ya ulemavu. Desemba 13, 2006 Umoja wa Mataifa ukapitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na ibara ya 19 inatamka haki ya kuchagua mahali pa kuishi na wa kuishi nao. Mhudumu asiyejua hilo atajikuta akimfungia mtu mlango kwa nia njema.

Bibi ninayemhudumia kwenye fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, ana dimenshia: kumbukumbu na fikra zake zimedhoofika. Kila jioni ananiambia anamsubiri mumewe, na mumewe alifariki zamani. Nimwambie ukweli?

Usimwambie "alikufa". Kwako ni taarifa; kwake ni msiba mpya, na kesho jioni utampa msiba uleule tena. Lakini mimi pia sipendi uongo wa kutunga, ule wa "yuko njiani anakuja", kwa sababu atakaa dirishani hadi usiku wa manane. Ipo njia ya katikati. Muulize habari za mumewe. Alikuwa mtu wa namna gani? Akirudi jioni mlikuwa mnafanya nini? Nyuma ya kumsubiri kuna haja: upweke, hofu ya giza, njaa, au mazoea ya miaka arobaini ya kuandaa mlo saa hiyo. Mpe sahani akusaidie kupanga meza. Mara nyingi kusubiri kunatulia.

Dimenshia si uzee. Ni hali inayoletwa na magonjwa ya ubongo, na ugonjwa wa Alzheimer peke yake unachangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Mwanamke aliyeelezwa na daktari Alois Alzheimer mwaka 1906 alikuwa na miaka 51 alipolazwa Frankfurt mwaka 1901. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na dimenshia, kwa hiyo hutaikwepa.

Jambo la kushika sana: dimenshia huja polepole. Mtu aliyekuwa sawa jana, lakini leo amevurugikiwa, anaona visivyokuwepo, au amelala mchana kutwa haamkiki vizuri, hilo si "uzee umezidi". Inaweza kuwa maambukizi ya mkojo au ya mapafu, upungufu wa maji, dawa mpya, au haja kubwa iliyokwama. Mwite muuguzi saa hiyohiyo. Wahudumu wameokoa maisha kwa sentensi moja tu: "Leo si yeye."

Mwalimu, naona aibu kumsafisha mtu mzima. Itaisha?

Yako itaisha, baada ya wiki mbili au tatu. Yake inaweza isiishe, na ndiyo ya kufikiria. Wewe umesomea, yeye hakuomba kuvuliwa nguo na mtu mwenye umri wa mjukuu wake.

Kwa hiyo funga mlango na pazia kabla ya chochote. Mwambie unachotaka kufanya, usubiri aitike. Mfunike kwa taulo na ufunue sehemu unayoosha tu. Mpe yeye kitambaa aoshe uso wake na sehemu za siri kama mkono unaweza kufika, hata kama hatamaliza vizuri, utakamilisha baadaye. Kwa mwanamke futa kutoka mbele kwenda nyuma. Usizungumze na mwenzako juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Na uso wako uwe na utulivu: mtu aliyejichafulia hutazama uso wako kabla ya kitu kingine chochote.

Akikataa kuoga? Akatae. Rudi baada ya nusu saa, au mpe nafasi ya kuchagua kati ya sasa na baada ya chai. Chunguza kwa nini: maji ya baridi, bafu linaloteleza, kumbukumbu mbaya, au anataka mhudumu wa jinsia yake. Ridhaa haipotei kwa sababu mtu ni mzee.

Wanaume wanapokelewa?

Ndiyo, na wanahitajika sana. Wapo wazee wa kiume na vijana wenye ulemavu ambao wangependa kuogeshwa na mwanamume, na wanakosa.

Fildi ikoje?

Ndiyo kozi yenyewe. Utapewa mhudumu mzoefu wa kufuatana naye, na daftari la stadi ambalo kila ukurasa husainiwa baada ya kuonekana ukitenda, si baada ya kueleza. Siku za mwanzo tazama makabidhiano ya zamu: nani alilala vibaya, nani hajapata choo siku tatu, nani alianguka. Kuanguka hasa. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 684,000 hufariki kila mwaka kwa kuanguka, na walio juu ya miaka 60 ndio wanaokufa zaidi. Kiatu kilicholegea, miwani iliyoachwa mezani, taa ya choo isiyowaka: mhudumu huviona vitu hivyo kabla ya daktari.

Kule utakuta pia mambo yasiyolingana na darasa. Watakuambia, "Hayo ya mwalimu wako yaache huko, hapa tuna watu thelathini na asubuhi moja." Haraka hiyo ni ya kweli na siidharau. Nami nilipoanza nilifundishwa na haraka: nilimvisha mzee mmoja kila asubuhi kwa wiki nzima ili kuokoa muda, mpaka binti yake alipokuja kumtembelea akaniuliza, kwa upole, kwa nini baba yake ameacha kuvaa mwenyewe. Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo huwaambia wanafunzi wachague jambo moja kwa kila mtu, hata liwe dogo kama kuchana nywele, ambalo hawatalifanya kwa niaba yake hata zamu ikiwa ngumu namna gani.

Nitaruhusiwa kutoa dawa au kuchoma sindano?

Fuata sheria za nchi na kazi uliyoandikiwa. Mahali pengi mhudumu humkumbusha na kumsaidia mtu kunywa dawa zilizopangwa tayari, baada ya kufundishwa na kupimwa. Sindano kwa kawaida si zako. Palipo na ruhusa, utahakiki mambo matano kila mara: mtu sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, wakati sahihi, njia sahihi. Kisha uandike saa hiyohiyo. Usisage kidonge bila kuuliza. Vingine vimetengenezwa viyeyuke polepole, na ukivisaga dawa ya siku nzima inaingia mwilini kwa mkupuo. Ukikosea, sema papo hapo. Kosa lililosemwa mapema mara nyingi hurekebishika.

Nikiona mwenzangu anamtendea mtu vibaya?

Mtoe mtu huyo kwenye hatari, kisha mweleze msimamizi siku hiyohiyo, na uandike ulichoona na kusikia, si ulichodhani. Msimamizi akinyamaza, nenda juu yake, au kwa mamlaka inayohusika nje ya hapo. Ukatili si kipigo tu. Kumwacha mtu kwenye nepi iliyolowa kwa makusudi, kuchukua fedha zake, kumfungia chumbani, kumnyima kengele ya kuitia, kumpigia kelele, vyote ni ukatili. Ninajua unaogopa kupoteza nafasi ya fildi. Chuo chenye heshima kitasimama nawe, na hilo ni swali zuri la kukiuliza kabla hujalipa ada.

Na mtu akifariki kwenye zamu yangu?

Itatokea, na utafundishwa. Kabla ya kifo kuna mengi ya kufanya: kulowesha midomo, kumgeuza kwa upole, kupunguza mwanga, kuendelea kuzungumza naye kwa jina lake hata kama hajibu. Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967, alianza kama muuguzi kabla ya kuwa ofisa ustawi na hatimaye daktari. Ni yeye aliyesisitiza kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya moyo, ya familia na ya roho kwa pamoja. Baada ya kifo utamwosha na kumsitiri kwa kufuata imani yake na matakwa ya ndugu. Ukilia, lia. Wanafunzi wengi huhisi wamevunja sheria fulani. Hakuna sheria hiyo. Siku inayofuata zungumza na mkufunzi wako, usiubebe nyumbani peke yako.

Nitatambuaje chuo kizuri? Na kozi za mtandaoni?

Omba kuona chumba cha mazoezi. Pawe na kitanda cha hospitali kinachopanda na kushuka, kiti cha magurudumu, mashine ya kunyanyulia. Uliza fildi ni saa ngapi na nani anaitafuta. Chuo kinachokuambia "utajitafutia" kinakuuzia nusu ya kozi. Uliza kama mtu mwenye ulemavu hufundisha humo, hata somo moja. Thibitisha usajili kwenye mamlaka ya mafunzo ya nchi yako, si kwa kutazama cheti kilichotundikwa ukutani.

Nadharia unaweza kuisoma mtandaoni bila tatizo. Kumgeuza mtu huwezi. Cheti kilichotolewa bila mtu yeyote kuona mikono yako ikifanya kazi ni karatasi. Na wakala anayekuahidi kazi ng'ambo baada ya kozi ya wikendi, akadai malipo mapema au pasipoti yako abaki nayo, mkimbie.

Baada ya cheti naweza kwenda wapi?

Wengi hubaki na kubobea: dimenshia, huduma ya wanaokaribia kifo, usonji, utengamao baada ya kiharusi. Wengine huongeza stashahada wakaingia uuguzi, tibakazi au ustawi wa jamii, na wahadhiri huwatambua mara moja kwa namna wanavyomsogelea mgonjwa. Kuna wanaokuwa viongozi wa zamu, na wachache hurudi kufundisha.

Wiki ya kwanza nije na nini?

Viatu vya kufunika vidole, visivyoteleza. Kucha fupi, bila rangi. Saa yenye mshale wa sekunde ya kubandika kifuani, kwa kuhesabu mapigo. Pete na bangili ziache nyumbani, zinachuna ngozi nyembamba za wazee. Daftari dogo la mfukoni, lakini usiandike majina ya watu humo. Siku ya pili tutakuketisha kwenye kiti cha magurudumu asubuhi nzima, mwenzako akusukume, akulishe na kukusafisha meno bila wewe kushika mswaki. Kwa hiyo njoo umekula kidogo, na ukubaliane na mwenzako mapema jinsi unavyopenda kuitwa.